Kuuguza Kifundo cha Mguu Kilichoteguka, Kuanzia Siku ya Kwanza Hadi Kurudi Kazini

Mtu huteguka kifundo cha mguu akiwa katika shughuli zake za kila siku. Mvuvi huruka kutoka kwenye mashua akakanyaga jiwe lililofunikwa na mchanga. Mwokota korosho huingiza mguu katika shimo lililofichwa na majani makavu chini ya mkorosho. Mama anayeshuka mteremko wa Newala na ndoo ya maji kichwani hukosea hatua moja tu. Na kijana wa soka la mchangani hutua juu ya mguu wa mwenzake baada ya kuupiga mpira kichwa. Kinachotokea katika visa hivi vyote, kwa sehemu kubwa, ni kilekile. Wayo hujipinda kuelekea ndani, uzito wa mwili huelemea upande wa nje, na kano zinazofunga mfupa kwa mfupa upande huo, ambazo waganga wa hospitali huziita ligamenti, huvutika kupita kiasi, zikachanika kidogo au zikakatika kabisa.

Kwa maoni yangu, huku kwetu Mtwara na Lindi mguu ulioteguka hutendewa mengi mno siku ya kwanza na machache mno kuanzia wiki ya tatu. Siku ya kwanza hukandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, huchuliwa, huvutwa, na kila jirani huja na mafuta yake. Wiki ya tatu, maumivu yakishapoa, mguu husahauliwa, na mwenyewe hurudi shambani kana kwamba hapakuwa na jambo. Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Niliteguka nikishuka ngazi za mawe huko Mikindani, nikachuliwa usiku uleule kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na mtu mwenye nia njema kabisa, na kulipopambazuka mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Ulipoacha kuuma niliuacha vilevile, na katika mwaka uliofuata niliteguka mguu huohuo mara mbili zaidi, mara moja nikiwa nimesimama tu nikigeuka kumwitikia mtu.

Hatua zifuatazo zimeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Wanaohitaji tahadhari zaidi wametajwa mahali panapowahusu.

Hatua ya kwanza: Kaa chini, vua kiatu, ondoa kikuku

Ukiteguka, kaa chini mahali ulipo kabla ya kushawishika kuutembeza mguu ili usikaze. Ushauri huo una ukweli wake, lakini wakati wake ni kesho na keshokutwa, si dakika ile. Vua kiatu na soksi, na kama umevaa kikuku au ushanga kifundoni, uondoe mara moja, kwa sababu uvimbe huja upesi, na pambo lililokuwa likicheza huweza kuzama katika nyama na kubana damu.

Kisha utazame mguu wenyewe. Ikiwa wayo umekaa upande, ikiwa mfupa umetoboa ngozi, au ikiwa vidole vimekuwa baridi, vimepauka au havina hisia, hilo si jambo la kuuguzia nyumbani. Usijaribu kuurudisha mguu mahali pake, wala usimruhusu mtu mwingine auvute. Uzungushie mto au khanga iliyokunjwa mara kadhaa, ufunge juu na chini ya kifundo bila kukaza sana, kisha safari ya hospitali ianze. Kwa safari hiyo bajaji au gari ni bora kuliko bodaboda, kwa kuwa juu ya pikipiki mguu huning'inia ukitikiswa na kila shimo la barabara, ilhali ndani ya bajaji unaweza kuunyoosha juu ya kiti.

Hatua ya pili: Chunguza kama mfupa umevunjika

Watu wengi huamini kwamba anayeweza kuchezesha vidole vya mguu hajavunjika. Imani hiyo imewachelewesha wengi, kwa maana vidole huvutwa na misuli iliyo juu katika muundi, na huweza kuchezacheza vizuri huku mfupa wa kifundo ukiwa na ufa. Ukubwa wa uvimbe nao si kipimo, kwani mteguko mkali huweza kuvimba kuliko ufa mdogo wa mfupa.

Kipimo cha kuaminika zaidi kilichapishwa mwaka 1992 na madaktari wa mji wa Ottawa nchini Kanada, ambao walitaka kujua ni nani hasa kati ya walioteguka anayehitaji kupigwa picha ya eksirei. Kanuni yao ni fupi, na sehemu kubwa yake waweza kuijaribu kwa kidole chako. Tafuta zile nundu mbili za mfupa zinazochomoza pande mbili za kifundo, ambazo wengine huziita macho ya mguu. Bonyeza ncha ya nundu ya nje, kisha panda nayo kwa ukingo wake wa nyuma hadi sentimita 6 hivi kwenda juu. Fanya hivyohivyo kwa nundu ya ndani. Baada ya hapo bonyeza ukingo wa nje wa wayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo, palipo na kinundu cha mfupa. Na mwisho bonyeza ule mfupa uliochomoza upande wa ndani wa wayo, mbele kidogo ya kifundo. Kama maumivu makali yapo juu ya mfupa wenyewe katika mojawapo ya sehemu hizo nne, nenda ukapigwe picha. Nenda vilevile ikiwa hukuweza kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia na bado huziwezi sasa. Hatua za kuchechemea nazo huhesabiwa kuwa hatua.

Maumivu yaliyo mbele na chini ya nundu ya nje, mahali palipo laini pasipo na mfupa, ndiyo maumivu ya kawaida ya mteguko. Hata hivyo, wapo wasiopaswa kutegemea kidole chao: mtoto ambaye bado anakua, kwa kuwa kwake miisho ya mifupa ni dhaifu kuliko kano, mzee ambaye mifupa yake imekwisha nguvu, mwenye kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia, na aliyeteguka akiwa amelewa. Hao waende wakaonwe, hata kama wanasema hawaumwi sana.

Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine ya eksirei, lakini mganga wake anaweza kukuchunguza, kukufunga na kukuandikia rufaa. Mashine hizo zipo katika hospitali kubwa, kama vile Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo kwa walio Mtwara, Ndanda kwa walio upande wa Masasi, na Sokoine au Nyangao kwa walio Lindi. Kama unasafiri kutoka mbali, funga mguu na uuinue njiani, kwa sababu saa nyingi za kuning'iniza mguu huongeza uvimbe.

Majeraha mawili hufanana na mteguko nayo siyo. La kwanza ni kukatika kwa kano nene iliyo nyuma ya kisigino: mtu husikia mlio, hudhani amepigwa jiwe kwa nyuma, na baadaye hawezi kusimama kwa ncha ya mguu huo. La pili ni kuumia kwa kano zinazoshikanisha mifupa miwili ya muundi juu ya kifundo. Hapo maumivu hukaa juu zaidi na huzidi mguu unapozungushwa kwenda nje. Yote mawili yanahitaji daktari, na la pili huchukua muda mrefu kupona kuliko mteguko wa kawaida.

Ukishajua kwamba mfupa ni mzima, kadiria uzito wa mteguko wenyewe. Ulio mwepesi, ambao watu husema mguu umeshtuka tu, huvimba kidogo na mtu hutembea, naye huwa vizuri baada ya wiki 1 hadi 3. Wa kati, ambao kano imechanika kwa sehemu, huvimba sana, damu huvilia chini ya ngozi, na huchukua wiki 3 hadi 6. Ulio mzito ni ule ambao kano imekatika kabisa na kifundo kinalegea. Huo huchukua miezi 3 au zaidi, na mara nyingine hospitali humfunga mgonjwa kifaa kigumu, au plasta ile ambayo wengine huiita hogo, kwa siku za mwanzo. Usishtuke ukiona weusi wa damu umeshuka hadi vidoleni siku ya tatu au ya nne. Damu hufuata njia ya maji, nayo hutelemka.

Hatua ya tatu: Siku tatu za kwanza, poza, funga, inua

Katika saa 72 za mwanzo mishipa midogo ya damu iliyopasuka bado haijaziba vizuri, na ndiyo sababu maji ya moto, kuchua kwa nguvu, pombe na kutembea sana vinakatazwa katika muda huo: vyote huweza kuongeza damu na uvimbe pale palipoumia. Anayetaka sana kukandwa na asubiri hadi uvimbe uanze kupungua. Hapo maji ya uvuguvugu na mkono mwepesi havina ubaya, na huweza hata kumfariji mgonjwa. Ila usikubali kamwe mguu wako uvutwe kwa ghafla ili kiungo kirudi mahali pake, kwa kuwa katika mteguko wa kawaida hakuna kilichotoka mahali pake.

Barafu huwekwa kwa dakika 10 hadi 20, kisha huondolewa, na hurudiwa kila baada ya saa 2 au 3 wakati mtu yuko macho. Isigusane na ngozi moja kwa moja. Ifunge katika kitambaa chenye unyevu. Wanaokaa karibu na soko la samaki wana bahati ya kupata barafu iliyopondwa, lakini waitie katika mfuko usiovuja, la sivyo nyumba nzima itanuka samaki. Pasipo na friji, loweka kitambaa katika maji ya mtungi wa udongo, ukamue kidogo, uweke juu ya kifundo, na ubadilishe kila kinapopata joto. Mwenye selimundu asitumie barafu bila ushauri wa daktari, kwa kuwa baridi huweza kumwamshia maumivu yake, na mwenye miguu iliyopungua hisia anaweza kuungua kwa baridi bila kujua.

Ni vyema kuelewa barafu inafanya nini na haifanyi nini. Kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua ilienezwa mwaka 1978 na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, nayo ikafundishwa viwanjani duniani kote. Lakini miaka mingi baadaye daktari huyohuyo alibadili kauli yake, akasema kwamba barafu inaweza kuchelewesha uponaji. Wengi leo huichukulia kama dawa ya kutuliza maumivu ya siku za mwanzo tu. Ukiikosa, hujakosa tiba.

Bandeji ina kazi kubwa zaidi. Nunua ile inayovutika, ya upana wa sentimita 7.5 au 10. Keti, uvute vidole kuelekea kwako ili wayo na muundi vifanye pembe ya mraba, kisha anza kufunga kwenye mashina ya vidole. Zungusha mara mbili kuuzunguka wayo, panda kwa kupita mbele ya kifundo, zunguka nyuma yake, rudi mbele na upite chini ya wayo, ukichora umbo la namba nane. Kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia, na umalizie kiganja kimoja juu ya kifundo. Mkazo uwe mkubwa kidogo karibu na vidole na upungue kadiri unavyopanda. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, uachie; rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 hivi, au vidole vikianza kufa ganzi, fungua ufunge upya. Ukanda wa khanga ya pamba hufaa pasipo na bandeji, ila khanga haivutiki, kwa hiyo usiikaze kama bandeji. Usiku fungua.

Kuinua maana yake ni kuuweka mguu juu kuliko moyo. Kuketi kwenye kiti na kuuweka mguu juu ya kigoda si kuinua kwa kutosha. Lala chali kitandani au mkekani, weka mito miwili au gunia lililokunjwa chini ya shavu la mguu, na ukae hivyo kwa muda mrefu kadiri kazi za nyumbani zinavyoruhusu.

Kwa dawa, anza na parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu vizuri, lakini humezwa baada ya chakula na kwa siku chache, wala hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo au mjamzito. Angalia pia maandishi ya pakiti kabla ya kumeza, kwa sababu baadhi ya vidonge vinavyouzwa katika maduka ya dawa vina diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, na anayeongeza parasetamoli juu yake huzidisha kipimo bila kujua. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni chaguo zuri kwa mtu mwenye tumbo lenye matatizo, mradi ngozi haina jeraha.

Hatua ya nne: Kuanzia siku ya pili au ya tatu, rudisha mwendo kidogo kidogo

Mguu ulioteguka usilazwe wiki nzima. Kano huungana kwa nyuzi mpya, na nyuzi hizo hujipanga vizuri zaidi zikivutwa kwa upole kuliko zikiachwa zimekaa kimya. Mara tu maumivu yanapokuruhusu, hata siku ya pili, lala na mguu ukiwa umeinuliwa na uanze kuchora herufi hewani kwa kidole gumba, kuanzia a hadi z, mara 3 kwa siku. Kifundo ndicho kitembee, goti litulie. Mtoto wa shule akiwapo nyumbani, mwambie akusomee herufi; zoezi hili huchosha akili kuliko mguu.

Zoezi la pili linahitaji khanga. Keti umenyoosha mguu, pitisha khanga chini ya wayo karibu na vidole, ushike ncha zake mbili na uvute kuelekea kwako mpaka uhisi shavu la mguu linavutika. Shikilia kwa sekunde 20 hadi 30, achia, rudia mara 3. Zoezi hili lisidharauliwe, kwa maana kifundo kisichoweza kukunjika kwenda mbele ndicho kitakachokusumbua utakapotaka kuchuchumaa.

Tembea kwa fimbo au magongo mpaka uweze kutembea bila kuchechemea. Fimbo moja hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma kama wengi wafanyavyo. Fimbo na mguu mbovu husogea pamoja, na mzigo hugawanyika. Urefu wake ufike kwenye kiungo cha kiganja ukiwa umesimama na mikono imeteremka. Penye ngazi, panda kwa kutanguliza mguu mzima, na shuka kwa kutanguliza mguu mbovu pamoja na fimbo.

Shida mbili za nyumbani zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni choo cha kuchuchumaa, ambacho hukilazimisha kifundo kukunjika hadi mwisho wake. Kwa wiki ya kwanza au ya pili, toboa kiti cha zamani katikati ukiweke juu ya tundu, au weka kigoda imara ukutani cha kujishikilia na unyooshe mguu mbovu mbele. Ya pili ni sala. Mkao wa tahiyatu huulaza wayo na kuzivuta kano zilezile zilizoumia, na mgonjwa anayejikaza mara tano kwa siku huona mguu haupoi. Salia kwenye kiti, kwa kuwa dini imempa mgonjwa wepesi huo, na kuhusu kupangusa juu ya bandeji wakati wa udhu muulize mwalimu wako.

Ukivimba jioni baada ya kutembea mchana, si dalili mbaya; inua, funga, na kesho upunguze kidogo. Kipimo ninachokitumia ni hiki: maumivu yaliyoongezeka kwa mazoezi yawe yamerudi pale yalipokuwa kufikia asubuhi inayofuata. Yasiporudi, ulizidisha.

Hatua ya tano: Nguvu na usawa, kuanzia wiki ya pili au ya tatu

Hapa ndipo karibu sote huacha, na hapa ndipo mguu huamuliwa kama utateguka tena. Ndani ya kano zilizoumia mna ncha za mishipa ya fahamu zinazoiarifu akili, bila wewe kutazama, jinsi wayo ulivyokaa ardhini. Kano ikichanika, taarifa hizo huvurugika. Misuli ya upande wa nje wa muundi, ambayo kazi yake ni kuurudisha wayo unapoanza kujipinda, hupokea amri kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kunatosha kukuangusha. Maumivu yakiisha, uchelewaji huo unaweza kuwa bado upo, nao hauondoki kwa mafuta wala kwa kungoja.

Kwa nguvu, tafuta ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kama ule watoto wanaotengenezea manati. Funga ncha zake kwenye mguu wa kitanda au nguzo, pitisha kitanzi juu ya wayo, na uusukume wayo kwenda nje, polepole, mara 10 hadi 15. Pumzika, rudia mafungu 3. Fanya vivyo hivyo kwenda ndani, juu na chini. Kwenda nje ndiko kwa muhimu zaidi. Kisha simama ukishika ukuta na uinuke kwa ncha za miguu yote miwili mara 15. Ikiwa rahisi, inuka kwa mguu mbovu peke yake.

Kwa usawa, simama kwa mguu mbovu peke yake karibu na ukuta, goti limelegea kidogo, kwa sekunde 30. Siku za mwanzo utayumba kama ngalawa isiyo na matengo yake, na utashangaa kwamba mguu mzima hauyumbi hivyo. Ukiweza sekunde 30 mara 3 bila kushika ukuta, fumba macho. Ukiweza hilo, simama juu ya godoro lililokunjwa au mchanga mkavu. Ukiweza na hilo, mwambie mtu akurushie embe au mpira uudake huku umesimama kwa mguu mmoja. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na unaweza kuzigawa: wengine husimama kwa mguu mmoja wanapopiga mswaki, au wanapongoja uji uchemke.

Walio pwani wana uwanja wa mazoezi usiolipiwa. Maji yanapokupwa, mchanga wenye unyevu ulio karibu na maji huwa umeshikana na mgumu, na ndipo mahali pazuri pa kuanza kutembea peku. Mchanga mkavu wa juu ni mzuri pia, lakini ni zoezi la wiki za baadaye, kwani wayo huzama na kujipinda kila hatua. Kutembea ndani ya bahari maji yakifika kiunoni hupunguza uzito wa mwili sana, na mtu mnene hufaidika nako mapema. Chagua pwani ya mchanga mtupu, ambako hakuna mawe wala viumbe vya baharini vyenye miba; kuchomwa wayo juu ya kuteguka ni msiba mara mbili.

Hatua ya sita: Kurudi kazini na uwanjani

Usiuhesabu uponaji kwa kalenda tu, uupime. Simama ukitazama ukuta, vidole vikiwa sentimita chache kutoka ukutani, kisha kunja goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Ongeza umbali mpaka kisigino kishindwe, na ulinganishe miguu miwili. Tofauti ikizidi sentimita 2 hivi, kifundo bado kimekaza. Simama kwa mguu mmoja umefumba macho. Inuka kwa ncha ya mguu mmoja. Ruka kwa mguu mmoja mara 10 mahali pamoja. Mguu ulioumia ukaribiane na mzima katika yote, bila maumivu na bila woga. Woga nao ni kipimo, kwa kuwa mara nyingi mwili hujua kabla ya mwenyewe kukiri.

Dereva wa bodaboda akumbuke kwamba mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma na wa kushoto hubadilisha gia. Aliyeteguka mguu wowote asibebe abiria mpaka aweze kukanyaga kwa nguvu ya ghafla bila kusita, na aweze kuishika pikipiki ikiwa na mzigo kwa kuweka mguu huo chini.

Anayeteka maji asirudi moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 juu ya kichwa katika njia ya mteremko. Aanze na dumu la lita 5 mkononi, kisha lita 10 kichwani katika njia tambarare, na mteremko uje mwisho. Mwenye korosho, ikiwa msimu umemkuta mguu bado haujapona, amwachie mwingine kuokota chini ya mikorosho ambayo haijafyekewa, naye akae kwenye kazi ya kuchambua na kuanika. Yeboyebo na malapa hayashiki kisigino. Viatu vya kufunga, hata vya mtumba, ni bora mara nyingi kwa miezi ya mwanzo. Kina mama wanaofuata pweza kwenye miamba wakati wa bamvua waiweke kazi hiyo mwisho wa yote, kwa sababu mwamba huo una mashimo, unateleza, na maji yakianza kujaa hayamngoji anayechechemea.

Mchezaji wa mpira aanze kwa kukimbia mstari mnyoofu, kisha mizunguko mipana ya namba nane, kisha kukata kona kali, kisha mazoezi na wenzake, na ndipo mechi. Kila ngazi aikae siku kadhaa. Afunge kifundo kwa kifungio maalumu au plasta ya michezo katika mechi na mazoezi kwa miezi 6 hadi 12, na aendelee na zoezi la kusimama kwa mguu mmoja muda wote huo. Nyuzi za kano huendelea kukomaa kwa muda unaoweza kufika mwaka mzima, hata kama yeye haumwi. Kocha anayemchoma mchezaji sindano ya maumivu ili amalizie fainali ya ndondo anamnunulia dakika 90 kwa bei ya msimu mzima. Walio katika vikundi vya ngoma wajihesabu kama wachezaji wa mpira. Sindimba haimhurumii mwenye kifundo kilicholegea.

Wakati wa kurudi hospitali

Rudi mara moja, wala usingoje wiki ziishe, ikiwa shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, au ikiwa umeanza kubanwa na pumzi au kifua, kwa kuwa damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu uliolazwa. Rudi pia ukipata homa na ngozi ya kifundo ikawa nyekundu na moto, au ukikosa kabisa kuukanyagia mguu baada ya siku 5 hadi 7 ingawa picha ya kwanza haikuonyesha kitu, kwani baadhi ya nyufa ndogo huonekana katika picha ya pili.

Na kama baada ya wiki 6 za mazoezi ya kweli kifundo bado kinakukimbia unapotembea njia ya mawe, au kina maumivu ya ndani yasiyosogea, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Uende na viatu unavyofanyia kazi, si vile vya ijumaa, ili aone soli imelika upande gani, na umweleze umeteguka mara ngapi kabla ya hii, hata zile mara ulizoziona ndogo usizozihesabu.